Papenburg, mji uliozaa meli iliyoturudisha



Ukurasa huu wa historia huwa tunautumia kusimulia mambo ya hapa kwetu: barabara ya Kabambare, Kasongo ya zamani, Namoya mbele ya mgodi na nyuma yake. Mara hii tunatembea mbali. Tunaenda Ujerumani, katika mji mmoja mdogo unaoitwa Papenburg, na tutautembea kama vile mgeni anavyotembezwa: huku mfereji, huku kinu, huku kiwanda. Mtu atauliza: Papenburg inatuhusu nini? Hatuna shamba kule, wala hatukupita kule tulipokimbia. Jibu ni fupi. Meli iliyowarudisha wengi wetu mwaka 1997 ilitengenezwa kule.

Tuna wafadhili wanaoishi Ulaya, na wengine wao wanaweza kufika Papenburg kwa treni. Kwa hiyo ukurasa huu ni wa pande mbili. Kwa wanachama, ni habari ya mahali meli yetu ilipotoka. Kwa wafadhili, ni maelezo ya mtembezaji: mkifika kule, tazameni hivi vitu, na mkivitazama mtukumbuke.

Meli yenyewe

Walio watu wazima wanakumbuka. Vita vya 1996 vilipofika Kivu, watu wa Uvira na Fizi walikimbia, na wa upande wetu wa Kabambare wakafuata njia ya Lulimba na Fizi mpaka Baraka, kisha majini. Ng'ambo ya ziwa Tanganyika ni Kigoma. Kutoka Kigoma tulipelekwa kambini, wengine Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka ule ule wa 1996, wengine Lugufu.

Mobutu alipoanguka mwaka 1997, HCR ilikodi meli moja ya zamani ya Tanzania iitwayo Liemba ili kuwarudisha watu. Kwa muda wa miezi mitano Liemba ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, na ikabeba wakimbizi zaidi ya 75,000. Gawanya hesabu hiyo, utaona kila safari ilikuwa na watu zaidi ya 3,000. Aliyekuwemo hana haja ya hesabu. Anajua vile tulikaa: magunia chini, watoto juu ya magunia, kuku katikati ya miguu, na mama mmoja pembeni anauliza kila saa kama milima ile ni ya Kongo.

Wengine hawakurudi mwaka ule. Walirudi baada ya 2005, kwa meli nyingine, Mwongozo, iliyokuwa ikifika mpaka Baraka. Na wengine walirudi, wakakimbia tena, wakarudi tena. Lakini Liemba ndiyo wengi wanaitaja, na watoto waliozaliwa kambini wanalijua jina hilo kama wanavyojua jina la bibi yao.

Basi, Liemba haikuzaliwa Liemba. Jina lake la kwanza ni Graf von Götzen, na mwaka wake ni 1913. Kwa kumwona mama yake tunapaswa kwenda Papenburg.

Mji uliochimbwa kwenye tope

Papenburg iko kaskazini magharibi ya Ujerumani, karibu na mpaka wa Uholanzi, kando ya mto Ems. Ni nchi tambarare, haina kilima hata kimoja cha kumwambia mgeni "fuata kile." Zamani yote ilikuwa kinamasi. Udongo wake ni mweusi, umetokana na majani yaliyooza kwa maelfu ya miaka. Huwezi kupanda kitu juu yake, lakini ukiukata vipande kama matofali na kuukausha, unawaka kama makaa. Katika nchi yenye baridi kali, huo ni utajiri.

Mwaka 1631 bwana mmoja, Dietrich von Velen, alianzisha makao pale. Mpango wake ulikuwa huu: chimba mfereji, maji ya kinamasi yaondoke; kata udongo wa kuwaka, upakie kwenye mashua, uupeleke mjini kwa njia ya mfereji ule ule; mashua zikirudi, zilete vitu vya kuishi. Kando ya mfereji kila familia ikapewa kipande chake cha ardhi, chembamba na kirefu, mbele kinagusa maji, nyuma kinaingia kinamasini. Waliokuja kuishi pale walikuwa maskini watupu. Walijenga vibanda vya udongo na majani, maji yakaingia, homa ikawashika. Katika nchi hizo za kinamasi wazee walikuwa na msemo: wa kwanza alipata kifo, wa pili akapata shida, wa tatu ndiye akapata mkate.

Msemo huo mtu wa kwetu haulizi maana yake. Aliyerudi na kukuta nyumba imekuwa kichaka, akaanza na hema la plastiki, anajua yeye ni wa ngapi katika hesabu hiyo.

Mgeni akienda leo anaweza kuviona vibanda hivyo. Katika bustani moja ya makumbusho inayoitwa Von-Velen-Anlage wamevijenga tena kwa mpango: kwanza kibanda cha udongo cha mtu wa kwanza, kisha nyumba iliyo afadhali kidogo, kisha nyumba ya nahodha wa meli. Unatembea hatua chache tu na umepita miaka mia na zaidi ya taabu. Wafadhili wetu, mkifika, anzieni hapo. Msianzie kwenye meli kubwa. Anzieni kwenye kibanda.

Mifereji, vilalo na kinu

Kutoka hapo mnashuka mjini. Papenburg haina soko la duara katikati kama miji mingine ya kale ya Ulaya. Mji umejipanga kwa urefu, kwa kufuata mfereji, kilometa baada ya kilometa, nyumba za matofali mekundu pande zote mbili na maji katikati. Mifereji yote ukiijumlisha inafika kama kilometa 40. Kuna vilalo vidogo vinavyoinuliwa ili mashua ipite, na kuna kinu cha upepo kando ya mfereji mkuu, kile walichosagia nafaka.

Ndani ya mfereji wamefunga meli za mbao za mfano wa zamani, ili mgeni aone jinsi watu wa kinamasi walivyogeuka kuwa watu wa bahari. Mbele ya biro ya meya inakaa moja yenye milingoti miwili, inaitwa Friederike. Watu wengi wanapiga foto hapo. Na kweli inashangaza: mashua iliyoanza kwa kubeba udongo wa kuwaka ikawa ndiyo shule. Aliyejua kutengeneza mashua ya mfereji akajaribu kutengeneza ya mto, wa mto akajaribu ya bahari. Katika karne ya 19 Papenburg ilikuwa na viwanda vingi vya meli za mbao, baba na watoto wake, jirani na jirani. Kwa kuwa mfereji ni mwembamba, meli mpya ilisukumwa majini kwa ubavu, wala si kwa mkia kama kwingine.

Viwanda vyote vile vimekwisha, isipokuwa kimoja, Meyer, kilichoanza mwaka 1795. Kilibaki juu ya nini? Wengine walipong'ang'ania mbao na matanga, Joseph Lambert Meyer aligeukia chuma na mvuke, tangu mwaka 1872. Leo kiwanda hicho kinatengeneza meli za watalii zilizo kubwa kuliko mtaa mzima, ndani ya majumba yaliyofunikwa, na wageni wanaruhusiwa kuingia kuona. Meli ikiisha inapelekwa baharini kwa mto Ems, kinyumenyume, polepole, maji ya mto yakiwa yamepandishwa kwa kizuizi, na watu wanasimama kando usiku na mchana kuitazama.

Lakini tusiwasifu kupita kiasi kama watu wasiojua shida. Mwaka 2024 kiwanda hicho kikubwa kilikwama kwa pesa. Serikali ya Ujerumani pamoja na serikali ya jimbo zikaingia, zikatoa euro milioni 400 na kuchukua karibu asilimia 80 ya mali, ili wafanyakazi kama 3,000 wasirudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo mtu akisema kwamba kusaidiana ni tabia ya maskini wa Afrika, mwelekezeni Papenburg.

Mahali Liemba ilipozaliwa hapako katika majumba hayo mapya. Ni kiwanda cha zamani, ndani ya mji, kando ya mfereji. Kazi ilipohamishwa nje katika miaka ya 1970, mji haukubomoa yale majengo. Matofali yamebaki, chuma kimebaki, na leo kuna hoteli inayoitwa Alte Werft, maana yake kiwanda cha meli cha zamani. Mfadhili anaweza kunywa chai yake pale ambapo watu walikuwa wanapiga ribiti.

Masanduku 5,000

Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer kilipewa kazi isiyo ya kawaida: tengeneza meli ya mita 70 na zaidi, ifunge yote, kisha ifungue tena yote. Meli hiyo haikuguswa na maji ya Papenburg. Iliwekwa vipande vipande ndani ya masanduku 5,000, ikapelekwa Hamburg, ikavuka bahari mpaka Dar es Salaam. Kutoka hapo ilipanda treni. Reli ya Wajerumani ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwanzo wa 1914, urefu wake kama kilometa 1,250. Pamoja na masanduku walikuja mafundi watatu wa Papenburg: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Wakaiunganisha Kigoma, ikaingia ziwani Februari 1915, vita vikuu vikiwa vimekwisha kuanza.

Juu ya nini Wajerumani walihangaika hivyo kwa ziwa? Hapa historia inarudi nyumbani kwetu. Njia ya kutoka Ujiji kuvuka ziwa, kupita Kabambare mpaka Kasongo na Nyangwe, ilikuwa njia kuu ya pembe za ndovu na ya watumwa mbele ya Mzungu yeyote kuikamata nchi. Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip. Livingstone alikaa Kabambare miezi mingi mwaka 1870, miguu yake ina vidonda, hawezi kutembea. Katika maandishi yake anaiita Bambarre. Mwaka uliofuata aliona Nyangwe watu wakiuawa sokoni, akarudi Ujiji akiwa amevunjika moyo, na hapo ndipo Stanley alimkuta. Mjerumani Hermann von Wissmann alipita Nyangwe mwaka 1882, akaendelea mashariki mpaka baharini. Graf von Götzen mwenyewe, ambaye jina lake lilipewa meli, alivuka Afrika kwa kupita Rwanda na Kongo katika mwaka 1893 na 1894, halafu akawa gavana wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1901.

Katika miaka ile ile Wabelgiji wa Dhanis walikuwa wanapigana na Waarabu na Waswahili huku kwetu. Nyangwe iliingia mikononi mwao Machi 1893, Kasongo Aprili 1893, Kabambare Januari 1894. Rumaliza, bwana wa Ujiji, aliposhindwa alikimbilia upande wa Wajerumani. Tangu hapo ziwa likawa ukuta. Upande wa magharibi Mbelgiji, upande wa mashariki Mjerumani, na ndugu wamegawanyika: Wamanyema wengi walikuwa wamekwisha kukaa Ujiji, Kigoma na Tabora, wengine wamepelekwa kwa kamba shingoni, wengine wamekwenda na msafara kwa mshahara. Mpaka leo ukifika Ujiji na kusema unatoka Maniema, kuna mzee atakayekuuliza ni Maniema ya wapi, juu ya yeye pia ni Mmanyema.

Kwa hiyo meli ya Papenburg ililetwa kulinda ukuta huo. Ilibeba askari na mzinga. Waingereza nao walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kupitia Katanga: zikavutwa barabarani, zikateremshwa kwa Lualaba mpaka Kabalo, kisha reli mpaka Kalemie. Boti hizo zilikamata na kuzamisha meli ndogo za Wajerumani. Mwaka 1916 jeshi la Kongo ya Wabelgiji likavuka, Kigoma ikaanguka mwezi wa saba, Tabora tarehe 19 Septemba. Katika vita ile Kongo ilitoa wabebaji zaidi ya 200,000. Watu wa Maniema walikuwamo, wengine na bunduki, wengi na mzigo kichwani.

Wajerumani walipoona Kigoma inawatoka, tarehe 26 Julai 1916 waliizamisha Graf von Götzen wao wenyewe. Lakini mafundi waliipaka mashine grisi nzito mbele ya kuizamisha, ili maji yasiile. Watu wa Papenburg walikuwa na tumaini kwamba siku moja chuma chao kitainuliwa. Na ikawa hivyo. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakaikuta mashine nzima, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba.

Meli iliyoletwa kuwagawanya watu wa ng'ambo mbili ikawa ndiyo inayowavusha. Miaka 70 baada ya kupewa jina jipya, ikaturudisha sisi. Na mwaka 2015 ikawabeba Warundi waliokwama Kagunga, ikawafikisha Kigoma.

Kile ambacho mji haukuficha

Sasa turudi Papenburg, maana matembezi hayajaisha. Mji wa kale una upande wa jua na upande wa kivuli, na mtembezaji mwaminifu anaonyesha zote mbili.

Tangu 1933 utawala wa Hitler ulifungua makambi 15 katika kinamasi cha nchi ile, na usimamizi wake ulikuwa Papenburg. Wafungwa wa siasa, na baadaye askari waliotekwa vitani, walichimba tope lile lile ambalo maskini wa zamani walilichimba, sasa kwa fimbo na kwa njaa. Carl von Ossietzky, aliyepewa tuzo ya amani ya Nobel ya mwaka 1935, alifungwa Esterwegen, si mbali na Papenburg. Wengi walikufa. Baada ya vita watu wa pale walinyamaza miaka mingi. Kisha mwaka 1985 kikafunguliwa kituo cha kukusanya habari za makambi hayo, Papenburg mjini, na mwaka 2011 kikahamia Esterwegen, palipojengwa mahali pa ukumbusho. Wafadhili, mkipata siku ya pili, nendeni na huko.

Tena kuna jambo moja ambalo sisi wenye kurudi tunalitazama kwa jicho letu. Kusini ya Papenburg, kando ya mto ule ule wa Ems, kuna mji mdogo, Haren. Mwaka 1945 wakaaji wake waliambiwa waondoke, nyumba zao zikapewa Wapoland waliokuwa wameletwa Ujerumani kwa nguvu au wamefungwa, na ambao hawakuwa na pa kwenda. Mji ukabadilishwa jina, ukaitwa Maczków. Watoto wa Kipoland walizaliwa pale, wakabatizwa pale. Mwaka 1948 Wapoland wakaondoka na wenyeji wakarudi. Fikirini asubuhi ile: mtu anafungua mlango wake, anakuta ukutani alama ya urefu wa mtoto wa mtu mwingine. Mwenyeji ana haki ya nyumba. Na yule mtoto alizaliwa pale, naye alikuwa mkimbizi. Hapa kwetu jambo hili halihitaji tafsiri.

Majina

Tukiuliza kwa nini watu wanasafiri kwenda kuona Papenburg, si kwa sababu mambo makubwa yametokea pale kuliko Kabambare au Kasongo. Kwa haki, yaliyotokea kwetu ni makubwa zaidi. Tofauti iko kwenye kuandika. Mtu aliyenunua kinamasi mwaka 1631 jina lake linajulikana. Mafundi watatu wa 1913 majina yao yanajulikana, na mwandishi Alex Capus amewatungia riwaya nzima, iliyotoka mwaka 2007. Hata idadi ya masanduku inajulikana.

Lakini nani alishusha yale masanduku Kigoma? Nani alishika ribiti upande wa pili wakati fundi anapiga nyundo? Nani alibeba mzigo kutoka Kasongo mpaka Tabora na hakurudi? Hao walikuwa babu zetu na babu za jirani zetu, na wamebaki "wabebaji," "vibarua," "wenyeji." Na sisi wenyewe, watu zaidi ya 75,000 wa safari 22, tumebaki hesabu. Hesabu ni nzuri kwa ripoti. Haimsaidii mtoto wako mbele ya shefu.

Hapo ndipo kuna hatari ya kweli. Wanachama wanajua vile mambo yanakwenda hapa Salamabila na vijijini. Mtu amerudi, anasema lupango hili ni la baba yangu. Aliyeko anasema, nimelinunua kwa mtu, nimekaa miaka 15. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. Zamani tulimwita mzee mmoja, akaja na fimbo yake, akasema: mpaka ulikuwa kwenye mwembe ule, mtoni kule, kaburi la fulani liko nyuma ya nyumba. Maneno yakaisha. Lakini wazee wale wanaondoka. Kila mzee akifa, mwembe unabaki mti tu. Tena mahali ambapo kuna dhahabu, mwembe wenyewe unaweza kung'olewa kwa wiki moja, na shimo likichimbwa hakuna alama tena.

Na kuna watoto waliozaliwa Nyarugusu. Karatasi yao inasema Tanzania, moyo wao unasema Salamabila, na mwenye kujua shamba la babu yao lilipo ni bibi mmoja wa miaka 80. Akiondoka bila kusema, mtoto huyo atakuwa mgeni mara mbili.

Ndiyo maana chama kimeanza daftari. Si jambo kubwa: karnet tatu za kurasa 200, biki, na vijana wawili wenye mwandiko unaosomeka. Kwa kila familia tunaandika: jina la mzee wa nyumba na la mke wake, mtaa au kijiji, mwaka wa kukimbia na njia iliyopitwa, kambi, mwaka wa kurudi na meli au gari, majina ya waliozaliwa ng'ambo, majina ya waliobaki kaburini njiani au kambini. Kisha mipaka ya lupango na ya shamba: mto gani, mwembe upi, mchikichi upi, kaburi la nani, jirani wa kila upande. Jirani anaitwa, anasikiliza, anaweka kidole. Kama jirani anabisha, tunaandika kwamba anabisha, na maneno yake pia yanaandikwa, maana naye ni mtu na ana watoto.

Daftari hili halichukui nafasi ya serikali wala ya shefu. Halimpi mtu lupango. Linaweka neno la mzee mahali ambapo mvua haiwezi kulinyeshea. Mafundi wa Papenburg walipopaka grisi mashine yao walifanya jambo kama hilo: waliona haiwezekani kuizuia isizame, wakafanya inayowezekana ili siku ikiinuliwa bado ifanye kazi. Hatuwezi kuzuia wazee wasiondoke. Kuandika tunaweza.

Kwa wanachama: leteni wazee wenu siku ya mkutano, au semeni nyumba ipi hawawezi kutembea, vijana watafika. Nakala moja ya kila ukurasa inabaki kwa familia, bila malipo. Nakala nyingine tunataka ikae mbali na Salamabila, juu ya vita hachagui sanduku.

Kwa wafadhili: karnet na biki tunaweza kununua wenyewe kwa michango ya kila mwezi. Tunachoomba ni mashine moja ya kupiga foto kurasa, na sanduku la chuma lisiloingia maji. Na mkienda Papenburg, mkiisha kuona kibanda, mfereji na Friederike, mkafika kwenye kile kiwanda cha zamani, mwambieni mwenyeji mmoja pale kwamba meli yao ya masanduku 5,000 ilifanya safari 22 mwaka 1997, na kwamba watu waliokuwamo wanaandika majina yao.